Sikio Kabla ya Tarumbeta: Historia ya Bendi za Shule kutoka Pwani hadi Milima ya Upare

Bendi ya shule ni kundi la wanafunzi wanaopiga ala za upepo na ngoma kwa ajili ya gwaride, sherehe za taifa, ibada na mashindano. Katika shule nyingi za msingi za Tanzania kundi hilo huwa na filimbi, ngoma ndogo, ngoma kubwa ya besi na matoazi, ilhali tarumbeta na tromboni, ambazo bei yake huzidi uwezo wa shule za vijijini, hubaki mikononi mwa majeshi, makanisa na bendi za mijini. Kwa sababu hiyo mjadala juu ya bendi za shule huanza karibu kila mara na suala la ala: zipatikane wapi, zinunuliwe na nani, zitunzwe vipi. Historia ya Afrika Mashariki, hata hivyo, inaonyesha kwamba ala pekee hazikuwahi kuzaa bendi nzuri, kwa kuwa kila kizazi cha wapigaji kilijifunza kwanza kwa kulisikiliza kundi lililokitangulia, na pale usikilizaji ulipokuwa mpana muziki ulistawi hata kama ala zenyewe zilikuwa vibuyu. Makala haya yanaifuata historia hiyo kutoka pwani hadi Kisiwani, wilayani Same, ili kubainisha ni maonyesho gani ya muziki yanayomfaa mwanafunzi wa bendi wa huko, na kila moja linamfundisha nini.

Njia ya sauti kutoka pwani

Kisiwani imo katika ukanda mwembamba ulioko mashariki ya milima ya Upare Kusini, kando ya barabara itokayo Same kuelekea Gonja. Magharibi yake milima inapanda hadi kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, na mashariki inatandaa nyika ya Mkomazi, ambayo mwaka 2008 ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa. Ukanda wa namna hii, wenye maji yateremkayo mlimani na ardhi tambarare ya kupitia, ulikuwa njia ya kufaa kwa misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani na Tanga kwenda Taveta na Kilimanjaro, na msafara haukubeba nguo, shanga na pembe za ndovu peke yake, bali ulibeba pia dini, lugha, nyimbo na mapigo ya ngoma. Ndiyo maana historia ya bendi katika sehemu hii haiwezi kuelezwa bila kuanzia pwani.

Bendi za kwanza za vijana zinazofahamika vizuri katika pwani hii zilitokana na vituo vya watumwa waliokombolewa. Huko Bagamoyo, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, na Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alistaajabu kuwasikia vijana wa misheni wakipiga muziki wa Kifaransa kwa ala za shaba. Karibu na Mombasa, kijiji cha Freretown, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katikati ya miaka ya 1870, nacho kilikuwa na bendi yake ya vijana, na katika miaka hiyohiyo Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya wapigaji wa Kigoa katika kasri lake. Ilipofika mwaka 1893 serikali ya Wajerumani ilikuwa na shule mjini Tanga, nayo baadaye ikawa na bendi ya tarumbeta ya wanafunzi iliyopiga katika sherehe za dola, ikiwamo siku ya kuzaliwa ya Kaisari Wilhelm II, tarehe 27 Januari. Reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka huohuo wa 1893, ilipita Same na kufika Moshi mwaka 1911, hivyo mji wenye bendi ya shule na milima ya Upare vikaunganishwa na njia ya chuma.

Lipo jambo la kiufundi linaloeleza kwa nini wapigaji wa kwanza hawakuwa na budi kujifunza kwa sikio. Tarumbeta ya kawaida ina vali tatu, yaani vitufe vinavyofungua na kufunga mabomba ya ziada ili kurefusha njia ya hewa, na vali hizo kwa pamoja hutoa marefu saba tu ya bomba. Katika kila urefu mpigaji anaweza kupata sauti kadhaa kwa kubadilisha mkazo wa midomo na nguvu ya pumzi, kwa hiyo vidole peke yake havimwambii sauti ipi itatoka. Mwanafunzi asiyeisikia sauti kichwani kabla ya kupuliza ataipata nyingine iliyo juu yake au chini yake, hata kama vidole vyake viko mahali sahihi. Tromboni inadai sikio zaidi, kwa kuwa haina alama yoyote katika mkono wake wa kuvuta inayoonyesha mahali pa kusimama. Mwalimu anayewapa wanafunzi muziki wa kusikiliza kabla ya mazoezi, kwa hiyo, anafanya sehemu ya kwanza ya mazoezi yenyewe.

Korale za makanisa ya mlimani

Mkondo wa pili wa muziki wa bendi uliingia Upare kupitia kanisani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walifungua kituo cha Shigatini huko Usangi mwaka 1900, kisha wakaenea hadi Upare Kusini, ambako vituo vya Gonja na Mbaga vilijengwa. Mbaga ndiko alikoishi mmisionari Jakob Dannholz, aliyeandika kwa kina juu ya dini ya jadi ya Vaasu, kama Wapare wanavyojiita kwa lugha yao ya Chasu. Waadventista Wasabato nao walifika mwaka 1903 na kuanzisha kituo cha Friedensthal huko Mamba, kituo chao cha kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Walutheri hao walitoka katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa katika mwamko mkubwa wa vikundi vya tarumbeta vya kanisa. Mchungaji Eduard Kuhlo na mwanawe Johannes walitoa mwaka 1881 kitabu cha nyimbo kwa ajili ya vikundi hivyo, na Johannes, aliyefanya kazi Bethel karibu na Bielefeld, alisisitiza kwamba tarumbeta lazima iimbe: mpigaji avute pumzi pale mwimbaji anapovuta, aunganishe sauti kama maneno yanavyoungana katika ubeti, na asome nota zilezile zilizo mbele ya kwaya. Katika bendi za kijeshi kila ala ilikuwa na karatasi yake, lakini katika vikundi vya Kuhlo mkulima na fundi seremala waliweza kukaa na kitabu cha nyimbo cha usharika na kupiga sauti zote nne, yaani soprano, alto, tena na besi, bila kuhitaji mtu wa kuwaandikia nota upya. Utaratibu huo ulizifaa sharika za vijijini, na umebaki kuwa msingi wa vikundi vya tarumbeta katika makanisa ya Kilutheri ya kaskazini mwa Tanzania.

Muziki unaohusika hapa ni korale, yaani wimbo wa ibada wenye mwendo wa taratibu ambao sauti zake nne hubadilika karibu kwa pamoja. Mwanafunzi anayeanza hapati mwalimu bora kuliko korale, kwa sababu hakuna kasi ya kuficha kosa: sauti ya tatu ikishuka kidogo, mwafaka wote huchacha, na kila msikilizaji hujua. Kwa hiyo onyesho la kwanza la kupendekezwa kwa wanafunzi wa Kisiwani na jirani zake haliko mbali, kwani ni kikundi cha tarumbeta kinachoongoza nyimbo za kitabu cha Mwimbieni Bwana katika ibada, na baada yake rekodi za korale zilizopangwa na Johann Sebastian Bach, ambamo kila sauti ya ndani ina wimbo wake unaojitosheleza. Wanafunzi wagawanywe, kila mmoja afuate sauti moja peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha waeleze walichokisikia. Zoezi hilo halihitaji ala hata moja.

Beni, au gwaride lililogeuzwa kuwa ngoma

Mkondo wa tatu ulikuwa wa watu wenyewe. Katika miaka ya 1890 vijana wa miji ya pwani ya Kenya, waliokuwa wakiziona bendi za misheni, za manowari na za majeshi, walianza kucheza ngoma mpya iliyoitwa beni, yenye safu, sare, vyeo na ala za bendi, au ala za kienyeji zilizotengenezwa kwa kuigiza sauti ya bendi. Mombasa ilikuwa na vyama vya Kingi na Scotchi, na wachezaji wa Scotchi walivaa kwa kuwaiga askari wa Uskoti. Upande wa Tanganyika vyama vilivyopata nguvu zaidi vilikuwa Marini, kilichojinasibu na waungwana na watu wa elimu, na Arinoti, kilichowavuta vibarua na watu wa hali ya chini. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma hiyo, alionyesha kwamba beni haikuwa uigaji mtupu wa wakoloni, bali ilikuwa njia ya wananchi ya kujipanga, kusaidiana, kushindana na kupeana heshima, ambayo iliendeleza mashindano ya zamani ya mitaa ya Waswahili kwa vazi jipya.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoieneza beni hadi bara. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliipeleka kila walikokwenda, na Upare haukuwa nje ya njia yao: Mei 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoteremka kutoka Kilimanjaro, safu ya kamanda wake Hannyngton ilivuka milima karibu na Same na kufuata ukanda wa mashariki kuelekea Gonja, njia ambayo Kisiwani imo. Vita vilipokwisha, wanajeshi waliorudi makwao waliendelea na beni, ambayo iligeuka kuwa mganda kusini mwa Tanganyika na malipenga katika nchi ya Malawi. Katika ngoma hizi wachezaji hujipanga kwa safu na kupuliza vibuyu vilivyowekewa utando mwembamba unaotetemeka, hivyo sauti ya mwanadamu hutoka na mkwaruzo unaofanana na wa ala za shaba.

Mganda unastahili nafasi ya pekee katika orodha ya mambo ya kusikilizwa na bendi za shule, hasa zile zisizo na fedha, kwa kuwa ni ushahidi kwamba watu waliosikiliza kwa makini waliweza kuujenga upya mpangilio wa bendi nzima, pamoja na sauti zake za juu na chini na kishindo cha ngoma kubwa, kwa mimea ya shambani. Pamoja na mganda, wanafunzi wausikilize mwendo wa wimbo wa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, unaoitwa Tufunge Safari, ambao bendi za kijeshi za Kenya zimeurithi, ili waone jinsi wimbo wa Kiswahili wa kutembelea ulivyofanywa kuwa muziki wa gwaride bila kupoteza mwendo wa miguu ulioanza nao.

Wimbo wa mwalimu wa shule

Kipande ambacho kila bendi ya shule nchini Tanzania hukipiga ni wimbo wa taifa, na kwa sababu hukipiga mara nyingi, mara chache hukisikiliza. Mtunzi wa sauti yake, Enoch Sontonga, alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, na aliitunga mwaka 1897 kwa ajili ya wanafunzi wake. Wimbo huo uliimbwa hadharani mwaka 1899, ukaimbwa mwaka 1912 katika mkutano wa kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress, na mwaka 1923 mwandishi Solomon Plaatje aliurekodi mjini London. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sauti hiyo ilichukuliwa kwa maneno ya Kiswahili, na leo inasikika pia katika nyimbo za taifa za Zambia na Afrika Kusini.

Historia hii inampa mwalimu wa bendi somo kamili. Wanafunzi wakisikiliza kwaya ya Afrika Kusini ikiuimba kwa sauti nne bila ala, kisha bendi ya polisi au ya jeshi la Tanzania ikiupiga kwa tarumbeta, wataona kwamba bendi imezigawa sauti za kwaya kwa ala mbalimbali, ya kwanza kwa tarumbeta na ya nne kwa tuba, ambayo ni ala kubwa ya shaba ya sauti ya chini. Wataelewa pia kwa nini wimbo huu haupigwi kwa haraka kama wa mchakamchaka: ulitungwa kama sala, na pumzi yake ni pumzi ya waimbaji. Zaidi ya hayo, watajua kwamba muziki unaosimamisha mataifa matatu ulitoka katika darasa la kawaida, kwa mwalimu wa watoto wa maskini, na ujuzi huo una thamani kwa mtoto wa shule ya kijijini kuliko hotuba yoyote ya kumtia moyo.

Tarumbeta katika dansi

Katika miaka ya 1930 beni ilianza kupisha dansi, yaani muziki wa bendi za mijini unaopigwa kwa gitaa, ngoma na ala za upepo kwa ajili ya kucheza wawili wawili. Rekodi za rumba kutoka Kuba, zilizouzwa Afrika kuanzia mwaka 1933, ziliwafundisha wapigaji wengi ambao hawakuwahi kumwona mwalimu wa muziki. Dar es Salaam Jazz ilikuwa miongoni mwa bendi za mwanzo. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948. Tanga, mwanzo wa reli ileile ya Usambara, ilipata baadaye Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na redio, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951, ilizifikisha sauti hizo mahali ambapo bendi zenyewe hazikufika.

Kwa mwanafunzi wa ala za upepo, rekodi za NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ni hazina, hasa zile zenye tarumbeta ya Joseph Lusungu na saksafoni ya Mnenge Ramadhani. Vivyo hivyo rekodi za Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Wimbo wa dansi wa kipindi hicho kwa kawaida una sehemu mbili: ya kwanza ni ya masimulizi, ambamo ala za upepo hujibu kwa upole mwishoni mwa mstari wa mwimbaji, na ya pili ni chemko, ambamo mwendo hupanda na ala hizo kurudia kifungu kifupi juu ya magitaa yanayosukana. Somo lililomo ni la kunyamaza: mpigaji wa tarumbeta hukaa kimya kwa muda mrefu, akihesabu na kusikiliza, kisha huingia kwa wakati wake na kutoka. Bendi za shule hukosea sana hapa, kwa kuwa kila mwanafunzi hutaka kusikika tangu mwanzo hadi mwisho.

Ngoma za nyumbani

Mkondo wa mwisho kutajwa ndio wa zamani kuliko yote. Kabla ya misheni, vijana wa Upare walifundwa katika mshitu, jando lililofanyika katika msitu mtakatifu, ambako mafundisho yalipokewa kwa masikio na kuhifadhiwa kichwani. Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, alipoandika historia ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, alitegemea kwa kiasi kikubwa masimulizi ya wazee, na kwa hiyo karne kadhaa za watu hawa zinajulikana leo kwa sababu kulikuwa na watu waliozoezwa kusikiliza na kukumbuka bila kuharibu.

Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alilalamika kwamba wengi walijifunza kucheza rumba na waltz huku wakiwa hawajapata hata kuzisikia ngoma za nchi yao, na akatangaza wizara mpya ya utamaduni. Lawama hiyo bado ina uzito katika bendi za shule, ambazo mara nyingi hupiga mapigo mawili ya gwaride mwaka mzima. Mpigaji wa ngoma ndogo akikaa na wazee wa ngoma wa kijiji chake, atajifunza jinsi mapigo ya mbili na ya tatu yanavyokwenda pamoja katika muda mmoja, na jinsi ngoma moja inavyoshika msingi bila kuyumba ili nyingine izungumze. Ustadi huo hauna mbadala katika kitabu chochote cha gwaride, na wenye kuufundisha hawadumu milele.

Orodha na mpangilio wake

Kutokana na historia hii, orodha ya usikilizaji kwa bendi ya shule ya Kisiwani au ya kijiji chochote cha Same inaweza kupangwa kwa vituo vitano: korale za kikundi cha tarumbeta cha kanisa kwa ajili ya mwafaka wa sauti, mganda na nyimbo za safari kwa ajili ya mwendo wa gwaride na ubunifu wa ala, wimbo wa Sontonga kwa kwaya na kwa bendi kwa ajili ya mgawanyo wa sauti, dansi ya NUTA Jazz na Mlimani Park kwa ajili ya mazungumzo ya ala na nidhamu ya kunyamaza, na ngoma za wazee wa Upare kwa ajili ya mapigo. Muziki wa mataifa mengine, uwe wa bendi za shaba za Uingereza au za jazi za Marekani, una nafasi yake baada ya hapo, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea kufuata sauti moja ndani ya nyingi ataweza kunufaika nao badala ya kuustaajabia tu.

Gharama ya orodha hii ni ndogo, kwa kuwa sehemu yake kubwa inapatikana kwa redio, kwa simu, au kwa kutembea hadi kanisani na kwa jirani mwenye ngoma. Kinachohitajika zaidi ni uamuzi wa shule kuutenga muda wa kusikiliza katika ratiba na kuuhesabu kuwa kazi, kama walivyofanya bila ratiba yoyote vijana wa Bagamoyo, wachezaji wa beni na wapigaji wa dansi. Shule inayosubiri tarumbeta ndipo ianze bendi inauchelewesha muziki ambao wanafunzi wake wangeweza kuuanza mwaka huuhuu, na shule itakayoanza na sikio itakuwa tayari na wapigaji siku ala zitakapofika.